Nyuzi Nne Kwenye Kunde za Mama

Ua la kunde halina subira. Linafunguka alfajiri, na kabla ya saa nne asubuhi limeshajikunja, limekwisha. Ukitaka kujua mbegu iliyo ndani ya ganda ina umri wa siku ngapi, lazima uwe pale asubuhi hiyo hiyo, ufunge uzi kwenye kikonyo, na kila siku iwe na rangi yake. Ukichelewa, umechelewa. Huwezi kuliuliza ganda lilizaliwa lini.

Mimi sikuwa pale. Mimi nilikuwa Kondele, mjini Kisumu, ghorofa ya pili, kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, na kunde zilikuwa nyumbani kwa mama, kijijini upande wa Usenge, kando ya ziwa. Kwa hiyo aliyefunga nyuzi ni mama. Nilimnunulia nyuzi za kushonea rangi kumi na nne, nikazipanga kwa mfuatano kwenye kopo la maziwa ya unga, ya leo juu, ya kesho chini yake. Kila asubuhi saa moja nilimpigia simu. "Maua mangapi leo?" Akisema kumi na tisa, naandika kumi na tisa, namkumbusha rangi ya kesho, nakata. Nilijiona nimepanga mambo vizuri sana.

Niieleze kazi yenyewe, maana watu wakisikia nilikuwa nasomea kunde wananicheka. Nilikuwa fundi wa maabara chuoni kwa miaka kumi na minne. Niliosha chupa za wanafunzi, nikawaonyesha namna ya kushika hadubini bila kuivunja, na baadaye wakarudi na digrii zao mbili wakaniita "madam" kwa sauti ya kunihurumia. Nikachoka kuhurumiwa. Nikiwa na miaka arobaini na mmoja nikajiandikisha shahada ya pili, na mwalimu wangu, mzee mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akanipa swali moja tu la kushughulika nalo.

Swali ni hili. Mbegu ya kunde ikiwa changa, ndani ya kila seli yake kuna chumba kimoja kikubwa kilichojaa maji. Mbegu ikikomaa, hicho chumba hukioni tena. Mahali pake pana vyumba vidogo vidogo, vingi, vimeshindiliwa protini. Hiyo ndiyo protini tunayokula tukipika kunde, na ndiyo mche utakayoila siku zake za kwanza udongoni, kabla haujajua kujitafutia. Sasa hivyo vyumba vidogo vimetoka wapi? Chumba kikubwa kimejigawa chenyewe, au vipya vimejengwa pembeni na cha zamani kikamezwa? Kwenye mbegu za watu wengine wataalamu wameshaangalia na bado wanabishana. Kwenye kunde za mama, zile nyekundu za madoa ambazo nyanya yake alimpa akienda kuolewa, hakuna aliyewahi kuangalia.

Tulijaribu mbegu chache mwanzoni, tukaona kwamba siku ya tisa chumba bado ni kimoja, na siku ya kumi na moja kila kitu kimekwisha kutendeka. Kwa hiyo siku ya kumi ndiyo ilikuwa digrii yangu. Mwalimu alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na chuo kizima hapakuwa na mwingine wa kunisimamia kwa kazi hiyo. Nilikuwa na mvua mbili mbele yangu, ya masika na ya vuli. Basi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mama afunge nyuzi kwa siku kumi na nne mfululizo, kisha Jumamosi moja niende na kasha la barafu, nichume maganda yote kwa mkupuo. Uzi wa karibuni ni mbegu za siku saba, wa zamani ni za siku ishirini, na zile za katikati zinajaza nafasi. Kila rangi, umri mmoja. Ningependa kupanda Kisumu karibu na maabara, lakini kipande cha shamba nilichopewa chuoni kilikuwa kimeshaliwa na mbuzi mara mbili, na sikuwa na hamu ya kugombana na mbuzi mara ya tatu.

Nikaenda, nikachuma, nikarudi. Mama siku hiyo alikuwa na kilemba kichwani na hakuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa nawaza barafu inayeyuka. Nilikaa nyumbani labda saa moja na nusu, nikanywa chai nikiwa nimesimama.

Kazi ya kuziandaa mbegu ilinichukua wiki tatu. Unazigandisha kwa dawa, unazikata nyembamba hadi mwanga upite, unazitia rangi ambayo inashika protini na kuifanya bluu. Nilikuwa nafanya baada ya saa za kazi, wanafunzi wakishaondoka, na niseme ukweli, nilizipenda zile jioni, kisha nikazichukia. Nilikuwa mpweke. Niliwahi kuolewa, nikarudi, sikuzaa, na huko Kondele jirani zangu walinijua kwa kikohozi changu tu. Kulikuwa na siku ambazo mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa mama, saa moja asubuhi, kuhusu maua.

Siku ya saba ilikuwa safi: chumba kimoja, maji, hakuna bluu. Ya nane hivyo hivyo. Ya tisa hivyo hivyo, na ukingoni mwa chumba mstari mwembamba wa bluu umeanza kujichora. Nikaweka kioo cha siku ya kumi. Vyumba vidogo kila mahali, vimejaa, bluu tupu. Nikasema haya, imekwenda haraka kuliko tulivyodhani. Nikaweka ya kumi na moja. Chumba kimoja kikubwa cha maji. Nikaweka ya kumi na mbili, nusu kwa nusu. Ya kumi na tatu ilikuwa imekomaa kama ya kumi na nane. Kuanzia kumi na nne, mambo yakarudi kwenye mstari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mbegu hazirudi utotoni. Nilirudia zile rangi nne tangu mwanzo, wiki nyingine nzima, majibu yakawa yale yale. Mwalimu aliangalia kwa muda, akavua miwani, akaniuliza polepole nani alifunga nyuzi. Nikasema mama. Akauliza kama mama anaona vizuri. Nilijisikia kuungua uso, nikamjibu kwamba mama anaona hata mdudu wa kunde kabla hajazaliwa. Lakini moyoni hasira ilikuwa imeshapata njia, na haikuelekea kwa mwalimu.

Kesho yake asubuhi sikumpigia mama simu. Nilichukua ruhusa, nikaenda Usenge, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi. Kwamba nilimwomba kitu kimoja tu. Kwamba kazi ya dakika kumi kwa siku haiwezi kumshinda mtu anayeamka saa kumi na moja. Kwamba mimi si mtoto wa kudanganywa.

Ili ufike kwa mama lazima upite mbele ya boma la jirani yake, mjane kama yeye, ua wa mikonge tu ndio unaowatenganisha. Huyo mama alikuwa rafiki yake tangu wote wawili walipoletwa pale wakiwa wake wapya. Walianika omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja kwenye wavu mmoja mkuukuu, wakauza pamoja, wakala pamoja karibu kila jioni. Na mimi nilikuwa na deni langu kwake ambalo haliandikwi popote. Niliporudi kutoka kwenye ndoa, wazee wa kwetu walisema binti aliyeolewa hawezi kurudi kulala nyumbani kwa wazazi wake kama msichana. Mama alilia, hakuwa na la kufanya. Jirani alikuja na taa mkononi, akachukua mkoba wangu, akasema yeye si mzazi wangu kwa hiyo kwake hakuna mwiko. Nililala kwake miezi mitano. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu yule mwanamume.

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya. Upande wa kushoto wa nyumba palikuwa na tuta la kaburi, jipya lakini si la jana, mvua ilikuwa imeshalipiga mara kadhaa na majani yameanza kuchomoza. Siku ya kuchuma nilipita hapo mbio na kasha langu la barafu, sikugeuza shingo. Nilisimama. Maneno yote niliyokuwa nimeyabeba kutoka Kisumu sijui yalikwenda wapi.

Mama alikuwa uani, anageuza omena. Wavu ulikuwa umetandazwa nusu tu, nusu nyingine imekunjwa. Hakuwa na kilemba. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kama wanavyonyolewa wafiwa kwetu, nywele ndiyo zinaanza kurudi, nyeupe, na hapo ndipo nikaelewa kile kilemba cha siku ile ya kuchuma.

Nikamuuliza lini. Akaniambia, na nikahesabu kwa vidole bila kutaka. Jumapili hadi Jumatano. Jirani alifariki usiku wa kuamkia Jumapili, wakamzika Alhamisi asubuhi na mapema, maana hakuwa na wana wa mbali wa kungojewa. Na kwetu, maiti ikiwa bado haijazikwa kijijini, hakuna anayeingia shambani. Jembe halitoki. Kunde hazichumwi. Mama kwa hesabu yake, kufunga uzi kwenye ua la kunde ni kazi ya shamba kama kazi nyingine, na yeye si mtu wa kufanya kazi ya shamba rafiki yake amelala ndani. Siku nne hakukanyaga huko. Alhamisi walipotoka kaburini alipitia shambani na viatu vyake vya msiba, akafunga uzi wa siku hiyo kwenye yale maua machache yaliyokuwa hayajajikunja, kisha akatafuta maganda machanga ambayo hayakuwa na uzi, akayapima kwa kidole, marefu akayapa rangi hii, mafupi rangi ile, akafunga nyuzi nne za siku nne ili nisipungukiwe.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. Na bado kulikuwa na ukali kwenye sauti yangu, najisikia aibu kuandika hivyo, lakini ulikuwepo. "Kila asubuhi nilikupigia, Mama. Kila asubuhi."

Aliendelea kugeuza omena mpaka akafika mwisho wa wavu.

"Hukuniuliza," akasema. "Uliuliza maua."

Hakusema kwa kunichoma. Angenichoma ingekuwa nafuu. Alisema jinsi mtu anavyokueleza duka limefungwa. Baadaye, tukinywa uji, akaniambia kwamba Jumapili ile alitaka kunieleza, akavuta pumzi, nikawa nimeshataja rangi ya kesho na kukata. Jumatatu akaona heri anyamaze, maana ningekuja, na alijua huu ni mwaka wangu wa mwisho. Akanitajia idadi ya maua kutoka kichwani mwake. Kumi na saba. Ishirini na moja. Kumi na tano. Nilikuwa nimeyaandika yote daftarini, maua ambayo hakuna aliyeyaona.

Mtu angesema kwamba habari ya msiba haifichiki, kijiji kizima kiko kwenye simu. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimejitoa kwenye kile kikundi cha simu cha nyumbani miaka miwili nyuma kwa hasira, kwa sababu mtu fulani alisema jambo kuhusu wanawake wanaorudi kwao. Nilijitoa nikitikisa mabega. Hakuna aliyenirudisha, na mimi sikuomba.

Nilifungua simu yangu nikaangalia orodha ya mazungumzo yetu. Jumapili, sekunde thelathini na nane. Jumatatu, sekunde arobaini na moja. Jumanne ilikuwa thelathini na tatu. Nilimwonyesha mama, kwa nini sijui, labda nilitaka anipige kofi. Akasema hana miwani.

Kabla sijaondoka aliniuliza nilichokiona ndani ya zile mbegu. Nilikuwa na picha. Nikamwonyesha kile chumba kikubwa cha maji, kisha vyumba vidogo vimejaa. Nikamweleza kwamba hiyo ni akiba ya mche, wa kula ukiwa chini ya udongo, kwa kuwa wakati huo mmea mama haupo tena. Aliitazama kwa muda mrefu, simu imemkaribia pua, miwani au hakuna miwani.

"Na wewe hujui inajijenga vipi," akasema.

Nikasema sijui. Ndiyo naitafuta. Akasema basi mvua ya vuli nilete nyuzi nyingine, hizi zimefifia.

Nikapeleka. Mvua ya vuli ilichelewa kidogo, kisha ikanyesha vizuri. Mwalimu alikuwa ameshaanza kubeba vitabu vyake nyumbani, kila siku mkoba mmoja. Mashine ya kukatia mbegu tulipangiwa wiki moja tu, ya mwisho kabla ya maabara kufungwa, na kwa hiyo Jumamosi ya kuchuma ilikuwa imewekwa, haisogei mbele wala nyuma. Nilihesabu kutoka Jumamosi hiyo kurudi nyuma, nikazungushia Jumatano moja kwa kalamu nyekundu. Maua yatakayofunguka asubuhi hiyo ndiyo yatakayokuwa mbegu za siku kumi. Rangi yake ilikuwa ya chungwa.

Safari hii niliongea naye kama binadamu. Kila asubuhi nilianza na "Umelala vipi, Mama?" na kila asubuhi alinijibu "Nimelala," halafu akanipa idadi ya maua haraka haraka, kama mwanafunzi anayejua mtihani ni huo. Nilijaribu njia nyingine. Nilimuuliza amekula nini. Ugali. Na nini? Na mboga. Nilimuuliza kama wavu bado anautandaza nusu. Akasema maua kumi na nne. Ungeweza kufikiri ni mimi niliyemfundisha, na ni kweli, ni mimi.

Ile Jumatano nilipiga saa moja kamili. Daftari wazi, kalamu imeshafunguliwa.

"Umelala vipi, Mama?"

Nikadhani mtandao umekatika.

"Sikulala," akasema.

Kisha akaanza. Alisema alisikia mlango wa jirani ukigongwa na upepo, ule waya umelegea, na kabla hajakumbuka aliita jina la mwenzake kutoka kitandani amwambie afunge mlango wake. Aliita kwa sauti. Aliona aibu, akakaa kwenye kiti mpaka pakapambazuka. Alisema hajapata mtu wa kumwambia. Alisema anapika ugali wa watu wawili halafu anawapa kuku. Akarudi nyuma kabisa, siku walipoletwa wote wawili, mwezi mmoja, hawajui hata njia ya kwenda ziwani kuteka maji, wakapotea pamoja na mitungi yao na wakacheka mpaka mtungi mmoja ukavunjika na ikabidi watunge uongo. Huo uongo ulikuwa mrefu. Sikuwahi kuusikia.

Saa mbili ikapita. Nilijua mahali maua yalipo. Yalikuwa hatua hamsini kutoka kiti alichokalia, yamefunguka, na kopo la nyuzi liko dirishani. Ningeweza kusema, Mama, ngoja kidogo, funga zile kwanza kisha tuendelee. Sentensi yenyewe fupi hivyo. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilijua pia kwamba nikiisema ataniambia sawa, atafunga, atanitajia idadi, na hatarudi tena hapo alipokuwa. Saa tatu alikuwa bado kwenye mtungi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, simu imeunganishwa kwenye waya wa kuchaji, nimeshachelewa kazini. Saa nne na kitu akanyamaza, akapiga chafya, akasema jua limekuwa kali.

Hakutaja maua. Mimi pia sikuyataja. Nilifunga daftari.

Jumamosi ile iliyopangwa nilichuma rangi kumi na tatu. Siku ya tisa kwenye hadubini ilikuwa na chumba kimoja, na mstari wa bluu ukingoni. Siku ya kumi na moja ilikuwa na vyumba vidogo, vingi, vimejaa. Katikati yake sikuwa na kitu. Kilichotokea kilitokea siku hiyo moja, shambani kwa mama, na hakuna aliyekiona, na mimi mpaka leo siwezi kukuambia kama chumba cha zamani kiligawanyika au kilimezwa.

Wiki ya mwisho ya mwaka wa chuo nilisimama mbele ya watu watatu kutetea kazi yangu. Mwalimu wangu alikuwa mmoja wao, amevaa suti yake ya kuagia. Nilionyesha picha zangu kwa mpangilio. Nilipofika kwenye nafasi nyeupe kati ya tisa na kumi na moja, yule mtahini wa kutoka nje akanisimamisha. Akasema yeye amesoma kazi yote, ni nzuri, ni safi, lakini swali zima liko kwenye siku moja, na siku hiyo haipo. Akauliza kama kulikuwa na mvua, au wadudu.

"Hapana," nikasema. "Mama yangu alikuwa anaongea."

Akaningoja niendelee. Mwalimu wangu alivua miwani, akaipangusa kwa tai. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake, kifupi, kisha akaniambia niendelee na siku ya kumi na moja.